Mwili Ulio Kwenye Kioo ni wa Nani?

Msikilizaji, kama mikono yako haina kazi sasa hivi, nyoosha mmoja mbele yako, kiganja kikitazama juu. Gusanisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kisha kunja kiganja kidogo kuelekea kwako. Tazama katikati ya kifundo cha mkono. Huenda umeona kamba nyembamba imeinuka chini ya ngozi. Huo ni ukano wa msuli ambao wataalamu wa anatomia wanauita palmaris longus. Kama unaendesha gari, ngoja kwanza ufike.

Kama hukuuona, usiwe na hofu. Wapo wanaozaliwa bila ukano huo, katika mkono mmoja au yote miwili, na hawapungukiwi na lolote: wanalima, wanashona, wanapiga ngoma. Madaktari wanaopasua mikono wanaupenda sana, maana ukitolewa ili kuunga ukano mwingine ulioharibika, mwenyewe hahisi pengo. Vitabu vya Ulaya na Marekani, ambavyo ndivyo tunavyofundishia huku kwetu, huandika kwamba ukano huo hukosekana kwa watu wapatao asilimia 15. Watafiti waliowapima watu nchini Uganda na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011 walikuta asilimia 4 na ushei.

Nimeuomba mkono wako kwa sababu mazungumzo ya leo yanahusu programu za kompyuta na simu zinazofundishia anatomia, yaani elimu ya jinsi mwili wa binadamu ulivyojengwa. Ndilo somo linalomkabili mapema kila anayesomea udaktari, uuguzi, utabibu au fiziotherapia. Kwa karne nyingi lilifundishwa kwa kitabu, kwa mifupa na kwa maiti. Sasa mwanafunzi anafungua simu janja au kishikwambi na mwili mzima unasimama mbele yake. Anagusa ngozi, inaondoka. Anagusa msuli, unafifia ili aone neva iliyojificha nyuma yake. Anauzungusha mwili atakavyo, anasikia jina la mfupa likitamkwa, anautazama moyo ukidunda na vali zake zikifunguka na kufunga, kisha programu inamuuliza maswali na kumwambia hapohapo wapi amekosea.

Mimi ni mwalimu wa somo hili, na programu hizi nazipenda na kuzitumia. Lakini kabla darasa halijagusa kitu chochote kwenye kioo, huwa nawauliza wanafunzi swali moja: huyu mtu ni nani?

Swali hilo mara nyingine lina jibu, tena jibu lenye jina. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda katika jimbo la Maryland, iliamua kutengeneza miili miwili kamili ya kutazamwa kwa kompyuta, wa mwanamume na wa mwanamke. Kazi hiyo ikafanywa na Chuo Kikuu cha Colorado, ikiongozwa na Victor Spitzer na David Whitlock. Tarehe 5 Agosti 1993, jimboni Texas, Joseph Paul Jernigan, mtu wa miaka 39 aliyehukumiwa kifo kwa kosa la mauaji, aliuawa kwa sindano ya sumu. Alikuwa ameridhia mwili wake utolewe kwa ajili ya sayansi. Ulisafirishwa hadi Colorado, ukapigwa picha kwa mashine za CT na MRI, ukagandishwa ndani ya jelatini, kisha ukaondolewa milimita moja baada ya nyingine, kama seremala anavyopiga randa ubao. Kila tabaka jembamba lilipoondoka, kamera ilipiga picha ya uso uliobaki. Zikapatikana picha 1,871 za mwili mmoja. Novemba 1994 zikatolewa zitumike na wote. Mwaka uliofuata ukafuata mwili wa mwanamke wa Maryland mwenye umri wa miaka 59, aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo na ambaye jina lake halikutangazwa. Huyo alikatwa kwa tabaka za theluthi moja ya milimita, na picha zake zilizidi 5,000.

Fikiria kilichofanyika hapo. Mwili wenyewe haukubaki. Kilichobaki ni rundo la picha zilizopangwa kwa mfuatano, na kompyuta ikizishika zote pamoja inaweza kumkata mtu yule upya kwa upande wowote unaotaka, wima au mlalo, kisha ikamrudisha mzima. Huko Hamburg, Ujerumani, kundi la Karl Heinz Höhne lilizitumia picha hizo kujenga Voxel-Man, mojawapo ya programu za mwanzo zilizowaacha wanafunzi wa dunia midomo wazi. Wengine wengi wakafuata. Hivi leo si kila programu inamtumia Jernigan. Nyingi huchorwa na mafundi wa kompyuta wakiongozwa na picha za hospitali. Wakorea na Wachina, baada ya kuona miili ile miwili ya Marekani, walitengeneza ya kwao kutoka kwa watu wao. Hilo nitalirudia.

Nianze na sifa, maana ni nyingi na ni za kweli. Kuna mambo ya mwili ambayo hata ukiwa na maiti mia hutaweza kumwonyesha mwanafunzi, na la kwanza ni jinsi mwili unavyojijenga tumboni mwa mama. Takriban wiki ya sita ya mimba, utumbo wa mtoto hurefuka upesi kuliko tumbo lake linavyopanuka, na ini limekwisha kujaza nafasi. Utumbo unakosa mahali pa kukaa. Basi unatoka nje ya tumbo, unaingia ndani ya kamba ya kitovu, unaishi humo kwa wiki kadhaa huku ukijizungusha, na inapofika kama wiki ya kumi unaanza kurudi ndani, ukiendelea kujizungusha. Ukijumlisha mzunguko wote unapata nyuzi 270, kinyume cha mwendo wa saa ukimtazama mtoto kwa mbele. Ndiyo maana utumbo wako mpana umekaa ulivyokaa: unaanzia chini upande wa kulia, unapanda hadi karibu na ini, unavuka tumbo kwenda kushoto na kushuka. Kila mmoja wenu anayenisikiliza aliwahi kuwa na matumbo nje ya tumbo, na yakarudi.

Mwalimu mwenye chaki anaweza kuchora hatua tano za safari hiyo ubaoni, na darasa likazinakili kwa usafi kabisa bila kuelewa kilichogeuka wapi. Mwaka mzima wa mihadhara unaweza usitoshe. Video ya nusu dakika, ambayo mwanafunzi anaisimamisha kwa kidole chake, anairudisha nyuma, anaitazama kwa mbele kisha kwa ubavu, inalimaliza jambo hilo. Na jambo lenyewe linagusa uhai. Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani huenda utumbo wake haukuzunguka sawasawa, nao sasa umejisokota na kujinyima damu. Utumbo wa namna hiyo hufa kwa muda wa saa chache. Daktari aliyeuelewa mzunguko ule haandiki dawa ya kuzuia kutapika na kumrudisha mama nyumbani.

Mfano wa pili unawahusu akina mama wenyewe. Kutoka kila figo hushuka mrija mwembamba unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Karibu na shingo ya mfuko wa uzazi, umbali wa sentimita mbili hivi kutoka kwenye shingo hiyo, ateri inayolisha mfuko huo hupita juu ya mrija ule. Anayefunga ateri ili damu isimwagike anaweza kuukamata na mrija, na mama akatoka chumba cha upasuaji akiwa na figo iliyozibwa. Ukifungua kitabu, ateri na mrija vimechorwa bapa kwenye karatasi, na mwanafunzi anakariri kwamba hiki kiko juu ya kile. Akilitazama umbo lenyewe na kulizungusha, anaona pale pa hatari kwa pande zote, na anajua mkono wake usifike wapi. Nchini Tanzania, kwa miongo mingi, upasuaji mwingi wa uzazi katika hospitali za wilaya umefanywa na madaktari wasaidizi, watu ambao wameokoa maisha ya wanawake wasiohesabika. Wengi wao waliigusa maiti kwa mara ya mwisho wakiwa chuoni. Kwa mtu kama huyo, aliye Kibondo au Tunduru na kesho asubuhi ana upasuaji, programu iliyomo ndani ya simu na isiyohitaji bando kufunguka ni msaada wa kweli.

Kuna faida nyingine ambazo sitazikalia sana. Programu inamzoesha mwanafunzi kuusoma mwili kwa vipande, na hivyo ndivyo atakavyouona kwenye CT na MRI maisha yake yote. Inakubali kurudiwa usiku wa manane. Haina ule moshi wa fomalini unaochoma macho. Na inampa nafasi mwanafunzi mwenye haya, yule anayesimama nyuma ya wenzake kuzunguka meza na kuona migongo yao tu.

Nimetaja meza. Tuseme ukweli kuhusu meza zetu. Vyuo vya tiba vya Afrika Mashariki vimeongezeka sana tangu siku za Makerere, iliyoanza kufundisha tiba mwaka 1924, na idadi ya wanafunzi imepanda. Miili haikuongezeka kwa kasi hiyo. Nyingi ya miili inayofundishia ni ya watu waliofia hospitalini au barabarani bila ndugu kujitokeza kuwachukua. Haya ni mambo mazito. Kwa Waislamu maiti ni ya kustiriwa na kuzikwa mapema. Kwa Wakristo na kwa wenye mila zetu, mtu asiyezikwa kwao ni huzuni ya ukoo mzima. Sishangai kwamba ni wachache wanaojitolea. Basi inapotokea kampuni inauza meza ya kidijitali, kioo kirefu kama kitanda kinachoonyesha mwili wa ukubwa wa mtu, wakuu wa vyuo wanaona wamepata dawa. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Na hapo ndipo ninapoanza kupinga, kwa sababu meza hiyo inanunuliwa ili maiti iondoke.

Kwenye programu, ateri ni nyekundu, vena ni ya buluu, neva ni ya njano. Rangi hizo zimewekwa na mchoraji. Ukiifungua maiti iliyolala kwenye fomalini, ateri, vena, neva na ukano vyote vina rangi ileile ya kahawia iliyopauka, vimeshikamana kwa nyuzi za mafuta na ngozi laini za ndani. Kinachovitenganisha ni vidole. Ateri ina ukuta mnene unaorudi ukiubonyeza. Vena inalala bapa. Neva ni ngumu na imejaa, ukiivuta haitanuki. Ukano unang'aa kidogo na kuteleza. Maarifa hayo yanaingia kwa kushika, na daktari atayahitaji siku atakapokuwa ameingiza mkono ndani ya tumbo lililojaa damu, haoni kitu, anategemea vidole vyake. Kioo cha simu, popote utakapokigusa, kina ulaini uleule.

Hata hilo la kuzungusha, ambalo kila muuzaji analitangaza, halina nguvu kama linavyodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwafundisha watu mifupa minane ya kifundo cha mkono kwa kompyuta. Wengine waliona mifupa kwa pande nyingi, wengine waliona pande chache zilizo muhimu, mbele na nyuma. Pande nyingi ziliongeza faida ndogo sana, na wale ambao kwa asili hupata taabu kufikiria maumbo ndio waliochanganyikiwa. Mwaka 2013, Uingereza, kundi jingine lilifundisha anatomia ya mguu wa farasi kwa njia tatu: kitabu, umbo la kompyuta, na umbo la kushikika. Walioshika walifanya vizuri kuliko wote. Mwalimu yeyote aliyewahi kumpa mwanafunzi fuvu halisi mkononi hatashangaa.

Kwa hiyo nafundisha hivi, na nawashauri wenzangu. Programu itangulie, siku moja kabla ya maabara, na mwanafunzi apewe kazi mahususi: fuata neva hii kutoka shingoni hadi kwenye kidole, andika inapita kati ya misuli gani. Asiachwe aelee mwilini akishangaa picha. Maabarani programu ifungwe. Watu wakusanyike kwenye mwili, wachache kwa zamu, na wanayoyajua wayatafute kwa vidole. Jioni waifungue tena wajipime. Na katikati ya yote hayo wasisahau kifaa ambacho hakuna chuo kisichokuwa nacho, yaani miili yao wenyewe. Mtulinga wako unaugusa kutoka bega hadi kidarini. Kilegesambwa kinasogea ukilegeza paja. Mapigo ya damu yanapatikana nyuma ya goti, juu ya unyayo, pembeni mwa shingo. Mwanafunzi aliyejigusa na kumgusa mwenzake kwa ruhusa anajua anatomia inayotumika wodini, maana mgonjwa huja akiwa na ngozi yake yote.

Sasa nirudi kwenye swali langu: huyu mtu ni nani?

Lina uzito kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kielimu, na ni ya zamani mno. Galen, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya pili, hakuwa na nafasi ya kupasua watu, akapasua nyani na nguruwe. Aliyoyaona kwao akayaandika kuwa ndiyo ya binadamu, na ulimwengu ukamwamini kwa miaka kama 1,300. Alisema taya la chini lina mifupa miwili. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua aliyekuwa na miaka 28, akatoa kitabu chake kikubwa na kuonyesha kwamba kwa mtu mzima ni mfupa mmoja, pamoja na makosa mengine mengi. Galen hakuwa mvivu wala mwongo. Aliuchukua mwili mmoja akaufanya kuwa miili yote.

Programu nyingi tunazonunua zinafanya jambo linalofanana na hilo, kwa kiwango kidogo. Zinaonyesha mwili mmoja safi. Kila figo ina ateri moja. Lakini takriban robo ya watu wana figo yenye ateri zaidi ya moja. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inapandikiza figo, na daktari anayeitoa figo kwa ndugu mmoja ili ampe mwingine lazima ajue ateri ni ngapi kabla hajashika kisu. Akiikosa moja, sehemu ya figo inakufa. Idara ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Nairobi imechapisha kwa miaka mingi tafiti juu ya mishipa ya damu ya Wakenya, jinsi inavyogawanyika na kutofautiana. Kazi hiyo ya heshima imelala kwenye majarida, wakati mwanafunzi wa Nairobi anajifunza mishipa kutoka kwenye programu isiyo na hata mfano mmoja wa kwao. Wakorea na Wachina waliliona jambo hili zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Sababu ya pili inahusu heshima ya marehemu. Historia ya anatomia ina madoa ambayo wanafunzi hawaambiwi. Mwaka 1828 mjini Edinburgh, Burke na Hare waliua watu 16 na kuuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia, na Bunge la Uingereza likatunga sheria ya miili ya kufundishia mwaka 1832. Huko Vienna, Eduard Pernkopf, mkuu wa kitivo cha tiba wakati wa utawala wa Hitler, alitengeneza vitabu vya michoro ya mwili ambavyo uzuri wake unasifiwa hadi leo. Uchunguzi wa chuo chenyewe ulibaini kwamba miili isiyopungua 1,377 ya watu waliouawa na utawala ule ilipelekwa kwenye taasisi yake. Nasi tumo katika historia hiyo. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mafuvu mengine ya Afrika ya Mashariki, zaidi ya 1,100, yalibaki Berlin katika mikusanyo ya enzi ya ukoloni, mengi yakiwa ya Rwanda na mengine mamia ya Tanzania. Hakuna aliyewauliza wenyewe. Wala tusidhani ni mambo ya wageni tu. Julai 2014 wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam walikuta mifuko ya mabaki ya watu imetupwa bondeni, na ikabainika ni ya miili iliyokwisha kutumika kufundishia madaktari. Nakumbuka jinsi nchi ilivyotaharuki. Ilikuwa na haki.

Picha ya mwili nayo ni sehemu ya mtu. Jernigan aliridhia mwili wake uende kwenye sayansi, lakini aliridhia akiwa gerezani akingoja kuuawa, na hakuwa na namna ya kujua kwamba ungekatwa hivyo na kutazamwa na dunia nzima. Victor Spitzer yuleyule wa Colorado alipata baadaye mfano wa namna nyingine kabisa. Mwanamke aitwaye Susan Potter alimwendea mwaka 2000 akitaka mwili wake ufanyiwe kazi hiyohiyo atakapokufa. Alikuwa mtu mzima mwenye maradhi, aliyepasuliwa mara nyingi, mwenye nyonga ya bandia. Akaingia maabara akaona mashine itakayomkata. Aliishi miaka 15 zaidi, akizungumza na wanafunzi na kurekodiwa sauti na picha, akieleza maumivu yake na maisha yake. Alikufa 2015 akiwa na miaka 87, na mwili wake ukakatwa vipande vipatavyo 27,000. Anayejifunza kutoka kwake anaweza kumsikia mwenyewe akieleza nyonga ile ilivyomuuma. Kwangu mimi hapo ndipo sauti na video zilipopata kazi inayostahili ndani ya programu ya anatomia.

Sisi tunaweza kuanza na kidogo tulicho nacho. Muhimbili, Kenyatta, Mulago na hospitali nyingine kubwa zina picha za CT za wagonjwa wengi zimehifadhiwa kwenye kompyuta zao. Kwa idhini ya mgonjwa na ya kamati ya maadili, picha hizo zikiondolewa majina zinaweza kugeuzwa kuwa maumbo ya kuzungushwa. Programu ya kufanyia kazi hiyo, 3D Slicer, haiuzwi. Blender, ya kupambia maumbo hayo, haiuzwi. Picha za Jernigan na za yule mama wa Maryland tangu mwaka 2019 zinachukuliwa bila hata kuomba leseni. Kinachohitajika ni saa za walimu wa anatomia, wataalamu wa mionzi na vijana wa kompyuta ambao vyuo vyetu vinawahitimisha kila mwaka. Figo yenye ateri tatu iliyopigwa picha Dodoma ina thamani kubwa darasani kuliko mwili safi ulionunuliwa kwa dola. Na maelezo yasomwe kwa Kiswahili pia. Mwanafunzi atajibu mtihani kwa Kiingereza, lakini kesho yake atamweleza bibi wa Newala kwa nini nyongo yake inapasuliwa, na picha hiyohiyo ikiwa na sauti ya Kiswahili itamsaidia bibi kukubali au kukataa akijua anachokikubali.

Nina ombi kwa wakuu wa vyuo na wajumbe wa kamati za manunuzi mnaonisikiliza. Kabla hamjasaini mkataba wa programu au meza yoyote, mtakeni muuzaji aeleze kwa maandishi mwili uliomo ndani ni wa nani na uliridhiwa vipi, na kama walimu wenu wataruhusiwa kuongeza humo maumbo ya watu wa hapa. Asipoweza kujibu la kwanza, au akilikataa la pili, fedha hizo pelekeni kwenye maabara yenu, kwenye mifupa, kwenye mshahara wa mhifadhi wa miili, na kwenye ibada ya kila mwaka ya kuwaombea waliotufundisha kwa miili yao.

Na wewe msikilizaji ambaye umewahi kufikiri kuuachia mwili wako elimu, zungumza kwanza na ndugu zako wakiwa wamekaa pamoja na kiongozi wenu wa dini, kisha nenda idara ya anatomia ya chuo cha tiba kilicho karibu nawe ukaulize utaratibu. Uliza mwili utatunzwaje, utazikwa lini na wapi, na kama picha zake zitatumika. Una haki ya kujibiwa yote hayo ungali hai.